Pudini ya chia na matunda: uloweke mbegu nzima, uzisage kavu au uzipige kwenye blenda?

Pudini ya chia, yaani mbegu ndogo zilizolowekwa kwenye maziwa zikavimba, ikitoka kwenye friji ikiwa nyepesi, wengi hukimbilia kuongeza mbegu. Kesho yake inatoka nzito kweli, kijiko kinasimama, lakini ule ulaini waliokuwa wakiutafuta haupo. Wanakuta mbegu zimebanana, kila moja na ute wake, zinateleza mdomoni bila kuungana. Uzito unaletwa na mbegu. Ulaini wa krimu unaletwa na mafuta yaliyomo kwenye maziwa, mtindi au tui, pamoja na tunda lililosagwa likajaza nafasi kati ya mbegu na mbegu. Ukishayatenganisha haya mawili, kuchagua namna ya kuitengeneza kunakuwa rahisi, maana kila njia inatatua shida yake.

Njia ni tatu. Unaweza kuloweka mbegu nzima kama zilivyo, unaweza kuzisaga zikiwa kavu ndipo uzichanganye, au unaweza kuziloweka kwanza kisha ukazipiga kwenye blenda pamoja na tunda. Ili tofauti ionekane vizuri, zote nitazipima kwa kipimo kimoja: vijiko 4 vya chakula vya chia, kama gramu 48, kwa mililita 360 za vitu vya majimaji. Katika hizo 360, mililita 240 ni maziwa au mtindi au tui, na 120 ni rojo la tunda. Kipimo hicho kinatosha watu wawili.

Hapo kwenye rojo ndipo hesabu za watu huharibika. Tunda ni maji. Stroberi ni maji kwa karibu asilimia 91, embe asilimia 83 hivi, ndizi asilimia 75. Ukipima maziwa yote mililita 360 kisha ukamimina na rojo juu yake, umeongeza maji bila kuongeza mbegu, na asubuhi usishangae.

Kinachotokea ndani ya chupa

Chia ni mbegu za mmea wa jamii moja na mnanaa, *Salvia hispanica*, wenye asili ya Meksiko na Guatemala. Ganda la mbegu likigusa maji hutoa ute, na mbegu moja inaweza kubeba maji mara 10 hadi 12 ya uzito wake. Ute huo ni wa nyuzinyuzi, hauna uhusiano na protini, na jambo hilo litakuwa na maana tukifika kwenye nanasi.

Sehemu kubwa ya kunyonya maji humalizika ndani ya saa mbili za kwanza. Usiku uliobaki unasaidia ute usambae sawasawa na kiini cha mbegu kilegee. Kwa hiyo ukichelewa kulala ukaitengeneza saa tano usiku, bado asubuhi utakula pudini nzuri. Dakika 15 za kwanza tu ndizo huwezi kuzifanyia mchezo. Mbegu zikimiminwa kwenye maziwa, nyingine huelea, nyingine huzama na kushikana chini. Zile zilizoshikana huvimba upande wa nje, ute ukafunga donge, na maji hayaingii tena katikati. Ukilipasua donge hilo asubuhi unakuta mbegu kavu kabisa ndani, kama zilivyotoka kwenye mfuko.

Dawa yake ni uma. Koroga kwa uma, si kijiko, kwa sababu meno yake yanatenganisha mbegu. Acha dakika 10 juu ya meza, koroga tena ukikwangua pembe za chini za chombo, ndipo ufunike na kuweka kwenye friji. Ukitumia chupa yenye mfuniko unaweza kuitikisa, ila acha nafasi ya vidole viwili juu, la sivyo hakuna kinachochanganyika.

| | Nzima | Zilizosagwa kavu | Zilizolowekwa na kupigwa |
|---|---|---|---|
| Mdomoni | chembechembe zenye ute | kama uji mzito | laini kabisa |
| Muda wa kushika | saa 4 hadi usiku kucha | dakika 15 hadi 30 | kuloweka nusu saa, kisha saa 2 za friji |
| Chombo | uma na chupa | mashine ya kusagia viungo | blenda yenye nguvu |
| Rangi | tunda hubaki na rangi yake | huelekea kijivu | hutegemea rangi ya mbegu |
| Inamfaa | anayetaka urahisi | mwenye haraka asubuhi | asiyependa chembechembe |

Mbegu nzima

Kama hujawahi kuitengeneza, anza hapa. Haihitaji umeme wala chombo cha kuosha baadaye, na ukikosea kipimo ni rahisi kurekebisha. Tena inakuruhusu kupanga tabaka: pudini nyeupe chini, rojo jekundu la stroberi katikati, pudini tena juu. Mbegu nzima hazichafui rangi ya tunda, na hilo lina uzito wake kwa mtu anayetaka kifungua kinywa kinachovutia kabla hata hajakionja.

Ubaya wake ni ule ute. Wapo wasioupenda kabisa, kama ambavyo wapo wasiogusa bamia, na hakuna maelezo ya lishe yatakayowabadilisha. Mtu wa namna hiyo usimlazimishe, mpelekee ya blenda.

Mbegu zilizosagwa kavu

Mbegu ikipasuliwa hunyonya maji kwa kasi. Ukiamka hujaandaa chochote, saga mbegu kwa sekunde chache, changanya na maziwa na rojo la tunda, oga, vaa, ukirudi imeshika. Hakuna njia nyingine ya chia inayofikia haraka hiyo.

Ina faida nyingine ya mwilini. Chia ina mafuta mengi ya omega-3 ya mimea, na mbegu nzima inaweza kupita tumboni bila kuyaachia yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia wanawake waliokoma hedhi waliokula gramu 25 za chia kila siku kwa wiki 10, na kiwango cha omega-3 kwenye damu kilipanda kwa waliokula zilizosagwa kuliko waliokula nzima. Kama omega-3 ndiyo sababu yako kubwa ya kununua chia, basi kusaga kuna maana.

Lakini mimi siipi njia hii nafasi ya kwanza kwa pudini ya krimu. Unga wa chia unafanya kitu cha kijivu, kizito namna ya uji, na usipokoroga haraka unafanya madonge mabaya kuliko ya mbegu nzima. Isitoshe, mbegu ikishasagwa mafuta yake hukutana na hewa na kuanza kuharibika, kwa hiyo saga kiasi cha siku hiyo. Unga unaonuka kama rangi ya ukutani umeshaharibika, utupe.

Zilizolowekwa kisha kupigwa kwenye blenda

Hii ndiyo inayotoa kile ambacho watu wengi wanakifikiria wanaposema pudini. Mbegu zinapotea, hewa inaingia, na unapata kitu chepesi ulimini lakini kinachosimama kwenye kijiko. Kwa watoto na kwa watu wanaokwazwa na chembechembe, hakuna ushindani.

Mpangilio wa kazi ndio unaoamua. Ukitupa mbegu kavu moja kwa moja kwenye blenda ya kawaida, zinarukaruka, zinaganda kwenye kuta za jagi, na nyingi zinatoka nzima. Ziloweke kwanza kwenye maziwa yote kwa nusu saa, au usiku kucha ukipenda, ndipo uongeze tunda na kupiga kwa dakika moja hadi mbili. Simamisha katikati, kwangua kuta, endelea. Chukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, sugua. Ukisikia chembe, piga tena.

Ikitoka kwenye blenda itaonekana nyepesi kuliko ulivyotarajia. Usiongeze kitu. Ute umekatwakatwa na visu, na ukiupa utulivu kwenye friji utashika tena baada ya saa mbili hivi.

Sasa suala la rangi. Kuna chia nyeusi na chia nyeupe, na kwa lishe hazitofautiani kwa kitu cha kukufanya uhangaike. Ndani ya blenda ndipo zinapoachana. Chia nyeusi ikipigwa na embe inatoa njano iliyofifia yenye vidoadoa vya kijivu, wakati nyeupe inaliacha embe na rangi yake. Kama unazo nyeusi tu, piga na matunda meusi au mekundu, au ongeza kijiko cha kakao, na hakuna atakayeona.

Maziwa gani?

Hapa ningekushauri utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa ndipo krimu inapopatikana.

*Maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta* yana mafuta asilimia 3 na kitu. Yanatoa pudini safi, ya wastani, isiyolemea. Yale yaliyoondolewa mafuta yatashika vilevile, kwani anayeshikisha ni mbegu, ila utahisi umaji nyuma ya ulimi.

*Mtindi* peke yake unadanganya. Unaonekana mzito tayari, kwa hiyo mtu anadhani umemaliza kazi. Lakini maji yaliyomo kwenye mtindi mzito yameshikwa, na mbegu hazipati ya kutosha kuvimba, zinabaki ngumu na kukwaruza. Mtindi uchanganye na maziwa nusu kwa nusu: mililita 120 kwa 120. Mbegu zinapata maji yake, na mtindi unaleta mwili na uchachu unaoamsha ladha ya tunda. Kwa matumizi ya kila siku huu ndio mchanganyiko ninaouamini kuliko yote.

*Tui zito la nazi* ndilo lenye krimu kuliko vyote, mafuta yake yanaweza kufika asilimia 20. Tatizo ni kwamba mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na friji iko chini zaidi ya hapo mbali sana. Pudini ya tui zito tupu inatoka kama kipande cha siagi, na kwenye kijiko utaona punje nyeupe za mafuta. Tumia sehemu moja ya tui zito kwa sehemu mbili za tui jepesi au maziwa ya mimea, na ukiitoa kwenye friji iache mezani dakika 10 kabla ya kula. Hapo inalegea na kunukia.

*Maziwa ya lozi* mengi yanayouzwa ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo pudini yake huwa nyembamba mdomoni hata mbegu zikiwa nyingi. Kama ndiyo unayotumia, ongeza kijiko kimoja cha siagi ya lozi au ya karanga, utaona tofauti. *Ya oti* yana utamu wake wa asili, punguza asali. *Ya soya* yana protini inayokaribia ya maziwa ya ng'ombe na yanakaa vizuri na ndizi, ila onja kwanza, maana mengine yana ladha ya maharage inayoshinda tunda.

Tunda gani, na liingie lini?

Embe lililoiva ndilo mfalme wa pudini hii. Lina nyama, lina utamu, na likisagwa linakuwa laini lenyewe kabla halijakutana na chochote. Changanya rojo lake tangu usiku, kamulia matone ya limau, na weka chumvi kiasi cha ncha ya kisu. Chumvi hiyo hutaionja, ila ukiiacha utagundua kuna kitu kimepungua.

Ndizi inaleta ulaini karibu sawa na embe, na ndiyo inayookoa pudini ya maziwa ya lozi. Shida yake ni kubadilika rangi. Ikishamenywa na kupondwa, kimeng'enya chake, yaani kitu cha asili kinachochochea mabadiliko ndani ya tunda, hukutana na hewa na kuigeuza kahawia. Limau linachelewesha, halizuii. Pudini ya ndizi iliwe kesho yake, usiipangie siku tatu.

Stroberi na jamii zake zina maji mengi. Zipike kidogo kwanza: kikombe cha matunda, kijiko cha sukari, moto mdogo dakika 8 hadi 10 mpaka maji yapungue na kuwa mazito. Acha yapoe kabisa ndipo utumie. Ladha inakolea, na tunda lililopikwa linakaa siku nyingi kuliko bichi. Matunda ya kugandisha yanafaa sana kwa kazi hii, hayana haja hata ya kuyeyushwa.

Sasa nanasi, papai na kiwi. Haya matatu yana vimeng'enya vinavyokata protini, na vikilala usiku mmoja na maziwa au mtindi, asubuhi unakuta uchungu usioelezeka, na mtu anadhani maziwa yalikuwa mabovu. Vimeng'enya hivyo hivyo ndivyo vinavyofanya jelatini isigande ikiwekewa nanasi bichi, kwa kuwa jelatini ni protini. Chia haina shida hiyo, ute wake si protini, kwa hiyo pudini itashika vizuri. Kinachoharibika ni ladha ya maziwa. Una njia tatu: tumia tui badala ya maziwa, au chemsha nanasi dakika chache ili vimeng'enya vife (la kopo limeshapitia moto), au weka vipande vibichi juu asubuhi wakati wa kula. Nanasi na tui ni ndoa njema, usiogope.

Parachichi si la kawaida kwenye orodha hizi, lakini robo yake ndani ya blenda pamoja na embe inatoa krimu ambayo hata tui halifikii, tena bila ladha yake kujitokeza. Tikiti maji liache, halina cha kuchangia hapa zaidi ya maji.

Utamu, na kiasi cha kula

Baridi hupunguza utamu. Onja mchanganyiko kabla haujaingia kwenye friji, uwe mtamu kidogo kupita unavyotaka, asubuhi utakuwa sawa. Asali haiyeyuki kwenye maziwa ya baridi, huzama na kukaa chini, kwa hiyo iyeyushe kwanza kwenye vijiko viwili vya maziwa ya uvuguvugu. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asali haifai kabisa.

Nusu ya kipimo hiki, yaani gramu 24 za chia, ina nyuzinyuzi kama gramu 8. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, hivyo bakuli moja linakupa karibu theluthi. Ni jambo zuri, lakini tumbo lisilozoea litalalamika kwa gesi. Anza na nusu ya bakuli kwa siku chache na unywe maji ya kutosha.

Na tafadhali usile chia kavu kwa kijiko kisha ukateremshia maji. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 39 aliyefanya hivyo. Mbegu zilivimba kwenye umio, zikaziba, ikabidi atibiwe hospitali. Zikiwa zimelowekwa zimeshavimba nje ya mwili, ndiyo maana pudini ni salama kuliko kuzila kavu.

Ningechagua ipi?

Ukiwa unajipikia mwenyewe kwa wiki ya kazi, mbegu nzima, maziwa na mtindi nusu kwa nusu, bila tunda ndani. Utakuwa na msingi mmoja mweupe unaokaa siku 4 hadi 5 kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake, na kila asubuhi unaweka tunda tofauti juu. Msingi huo pima kwa mililita 300 za majimaji tu kwa vijiko 4 vya mbegu, ili tunda la asubuhi lisiulegeze. Ugawe kwenye chupa ndogo za mlo mmojammoja, kwa kuwa chupa kubwa inayoingizwa kijiko kila siku haifiki siku ya nne.

Ukiwa na watoto, au wageni, au mtu mezani asiyependa ute, piga kwenye blenda: chia nyeupe, embe, tui lililochanganywa. Iliwe ndani ya siku mbili au tatu.

Ukiwa mtu wa kusahau kuandaa usiku, weka mashine ya kusagia karibu na jiko na ukubali rangi ya kijivu. Kijiko cha kakao kitaificha.

Ikitoka nzito mno, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja ukikoroga, maana ute hupokea polepole na ni rahisi kupitiliza. Ikitoka nyepesi, usirudie kosa la kuongeza mbegu nyingi. Ponda nusu ndizi au vijiko vichache vya embe uchanganye, tia kijiko kimoja tu cha chia, koroga kwa uma na usubiri nusu saa.